Ambaye Hayupo Anyooshe Mkono

Mimi nimeokotwa jaani. Sitii chumvi wala sijidhalilishi, ndivyo ilivyokuwa, na kwa miaka mingi hilo ndilo jambo nililojivunia kuliko yote. Nilizaliwa kwenye kisiwa kimoja cha delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, kwa wazazi waliokwisha kuzika watoto watatu wachanga kabla yangu. Kwetu, mtoto anayekuja baada ya wenzake kufa hapokelewi kwa vigelegele. Analazwa kwenye ungo, anafunikwa kanga kuukuu, anapelekwa nyuma ya nyumba kwenye jaa, pale panapotupwa majivu, magamba ya samaki na makapi ya mpunga. Mama mzazi anasema kwa sauti, majirani wote wasikie: "Simtaki huyu. Mwenye kumtaka amwokote." Kisha mwanamke wa nyumba nyingine, asiye ndugu, anapita kama mtu asiye na habari, anamwona mtoto, anamwokota, anaondoka naye. Kabla jua halijazama siku ileile anamrudisha, lakini sasa si mtoto wa nyumba ile tena, ni wa kulea tu. Kifo kikija kuuliza, kinaambiwa humu hamna mtoto, kilichomo ni kitu tulichoachiwa na jirani.

Bibi yangu alipenda sana kunisimulia habari hiyo. Aliisimulia kwa mikono na macho, na alipofika kwenye yale maneno ya "simtaki" alipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Mama yangu mwenyewe hakuisimulia hata siku moja. Bibi akianza tu, mama alinyanyuka kwenda kutazama chungu jikoni, hata kama jikoni hakuna kilichobandikwa. Nilidhani anaona haya kwa kuwa alinitupa, na kwa kuwa jina nililopewa lilifanana na mahali nilipookotwa. Jina hilo sitaliandika hapa. Shuleni lilinitoa machozi mengi, lakini ukubwani nililivaa kwa majivuno, maana kila mwenye jina la jaani anajua kuwa jina lake limemwokoa.

Nilipoolewa Kibiti na kufungua kibanda changu cha mchele pale sokoni, habari hiyo ilinifuata. Wanawake waliofiwa na watoto walielekezwa kwangu. Walitoka Mtunda, Mtawanya, hata ng'ambo ya mto, wakaja wakasimama mbele ya magunia wakanitazama. Hawakununua mchele. Walitaka tu kuniona nilivyonenepa, nina meno yangu, nina watoto wangu. Niliwapa kiti na maji, nikawasimulia, wakaondoka na nyuso nyepesi. Nami nilibaki pale nimejaa furaha ya mtu ambaye kuwepo kwake tu ni msaada kwa watu.

Sasa nimseme mume wangu. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari mpaka alipostaafu, na mji mzima unamwita Mwalimu, hata mimi. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye kichwa kigumu kama nazi kavu. Katika hesabu zote alipenda zile za uwezekano, za kupima jambo lina nafasi gani ya kuwa au kutokuwa. Kila mwaka, wanafunzi wapya wakiingia, siku ya kwanza alisimama mbele yao na kusema, "Ambaye hayupo anyooshe mkono." Hakuna aliyenyoosha. Basi akatangaza kwamba darasa zima limefika. Wanafunzi walicheka, yeye hakucheka. Aliwauliza kosa lake liko wapi, ikiwa kila aliyesikia swali amejibu kweli tupu. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza: kabla hujaamini majibu, jiulize ni nani asingeweza kukujibu.

Mambo hayo hakuyaacha shuleni. Siku moja tumekaa barazani tunakunywa chai ya jioni, redio inazungumza habari za nyota. Mtangazaji alikuwa anastaajabu jinsi dunia ilivyowekwa kwa kipimo, jua si karibu wala si mbali, maji yapo, hewa ipo. Nikasema Alhamdulillah. Mwalimu akasema ni lazima iwe hivyo. Akanieleza kwamba kule ambako jua liko karibu mno hakuna baraza, hakuna redio, hakuna mtu wa kustaajabu, kwa hiyo yeyote atakayestaajabu popote pale lazima ajikute mahali panapokalika. Nikamuuliza kama hayo ndiyo aliyofundishwa madrasa. Akasema shukrani ni jambo moja na hesabu ni jambo jingine, na swala tano anaswali kama mimi. Nikamwambia basi siku akikoswakoswa na lori pale stendi asiseme Alhamdulillah, aseme "lazima." Alicheka mpaka akapaliwa. Ndivyo tulivyoishi, tukitaniana, na maisha hayakuwa mabaya.

Kisha ikaja habari ya binti yetu mkubwa, aliyeolewa Mbagala. Mimba zake zilikuwa na presha. Mwili unavimba, kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati na hakulia. Wa pili alilia, tukapigiana simu, tukacheka, na kabla hata jina lake halijatuzoea mdomoni akaondoka. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Mwanangu alikonda, akawa haongei, na kila nilipompigia alijibu "nzuri, mama" kwa sauti isiyo na mtu ndani.

Aliposhika mimba ya tatu aliniambia mimi kabla ya mumewe. Nami nikasema lile lililokuwa limenikaa kifuani muda mrefu: huyu tutamtupa jaani. Nilimweleza masharti yote. Jaa lazima liwe la kwao mzazi, yaani kwetu Kibiti, na mtoto lazima atolewe siku ileile ya kuzaliwa, jua likiwa juu. Kwa hiyo sharti aje kujifungulia nyumbani. Lakini daktari aliyekuwa anamwangalia Dar alikwisha kumkataza kwenda mbali katika wiki za mwisho. Alimwambia presha inaweza kupanda wakati wowote, huenda wakalazimika kumpasua, huenda mtoto akahitaji mashine, na yeye anataka awe karibu na pale walipomfuatilia tangu mwanzo. Mkwe wetu alimwachia mkewe aamue mwenyewe. Binti akaamua kuja.

"Mama," aliniambia kwenye simu, "daktari anasema huenda, huenda. Wewe upo."

Niliyafurahia maneno hayo kuliko zawadi. Nilifagia uwanja wote wa nyuma, nikalirundika jaa vizuri, majivu juu, kama mtu anayetandika kitanda. Mwalimu alinitazama bila kusema kitu. Siku mbili nzima hakusema kitu, na mimi namjua, akinyamaza hivyo ujue anapanga maneno. Mwishowe akaniuliza ni watoto wangapi waliookotwa jaani kisha wakafa. Nikamwambia simjui hata mmoja. Wote ninaowajua wako hai, mmojawapo amekaa mbele yake.

"Ndiyo maana nauliza, bibie," akasema. "Ambaye hayupo anyooshe mkono."

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilimpa vidonge vyake siku ile. Nilimwambia mimi si mwanafunzi wake, nilimwambia elimu imemkausha, nilimwambia hajawahi kubeba mimba hata ya panya. Kilichoniuma si kwamba alibishana na mila, watu wengi hubishana na mila. Kilichoniuma ni kwamba uhai wangu wote, ule waliokuja kuutazama akina mama kutoka Mtunda, yeye aliuona si hoja. Ilikuwa kama kuambiwa niondoke kwenye kiti changu mwenyewe. Alijibu taratibu kwamba anafurahi kila siku kwa kuwa mimi nipo, ila furaha hiyo hawezi kuitumia kumtoa mtoto wake kwa daktari. Ile nusu ya kwanza ya maneno yake sikuisikia kabisa wakati ule.

Nikaona dawa yake ni moja. Yule mwanamke aliyeniokota, ambaye maisha yangu yote nimemwita mama yangu wa jaani, alikuwa bado hai kule kisiwani. Mkono wake ulisifika kuwa mwepesi, akaitwa kuokota watoto hata vijiji vya ng'ambo ya mkondo. Nilitaka kumleta Kibiti amwokote na mjukuu wangu, na zaidi ya hapo nilitaka ahesabu mbele ya Mwalimu watoto wote aliowaokota wakaishi. Binti alikuwa apande basi kesho yake asubuhi. Mimi nikaondoka alfajiri ya siku moja kabla, nikapanda gari mpaka Nyamisati, nikaingia boti ya mashine pamoja na magunia ya unga na vitanda vya watu, maji yalipojaa tukapita mikondoni mpaka kwetu.

Kisiwa kimeliwa. Nyumba niliyozaliwa haipo, na pale palipokuwa jaa sasa ni tope na mikoko michanga na mashimo ya kaa. Mama yangu wa jaani amehamia ndani zaidi, kwa mwanawe. Nilimkuta uani anasuka ukili, miguu ameinyoosha, vidole vinakwenda vyenyewe.

Nilimwamkia. "Marahaba, mwanangu wa majivu," akajibu, kama anavyonijibu siku zote, akanisogezea mkeka.

Nilimweleza habari yote. Aliuliza miguu ya binti imevimba kiasi gani, aliuliza anakula chumvi, akaguna. Kisha nikamwomba anihesabie watoto wake wa jaani. Nilitoa simu nikabonyeza inase sauti, nikaiweka magotini kwangu, nikacheka peke yangu nikifikiria uso wa Mwalimu atakapomsikia. Akaanza. Huyu yuko Mtwara, ana wake wawili. Huyu anaendesha bodaboda Ikwiriri. Huyu alikwenda na surua. Huyu wa yule mkata boriti hakufika arobaini. Huyu yupo, ila haji kunisalimia. Huyu na pacha wake, wote wawili, mvua za masika. Alihesabu bila huzuni na bila haraka, aliyeishi na aliyekufa kwa sauti moja, na alikuwa hajafika nusu nilipoizima simu.

"Na wenzako," akasema.

Nikamuuliza wenzangu gani.

"Waliokutangulia. Yule wa kwanza hapana, nani alijua? Ila wa pili na wa tatu niliwaokota miye. Jaa lilelile, ungo uleule. Hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Nilijua kuna kaka na dada zangu waliokufa, nilijua mpaka upande wa kaburi zao kabla maji hayajazichukua. Lakini katika hadithi ya bibi wao walikufa kwa kuwa hawakutupwa, na mimi nikaishi kwa kuwa nilitupwa. Nilimuuliza, kwa hasira kidogo, kwa nini hakuna mtu aliyewahi kunieleza.

"Anayesimuliwa ni mtoto aliyebaki," akasema. "Wale ningewasimulia nani?"

Nikamuuliza tena, sasa walirudia ya nini, ikiwa mara mbili waliona haifai. Aliacha kusuka, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini watu wanakula. "Tungekaa tu?" akasema.

Nilikaa pale na ukili wake mapajani, nimeushika bila kujua. Nilikuwa nahesabu, mimi niliyemtukana mtu kwa kuhesabu. Nikitazama kutoka mahali nilipokaa mimi, jambo lile lilifanywa mara moja na likafaulu mara moja, hakuna ushahidi mzuri kuliko huo. Nikitazama kutoka mahali aliposimama mama yangu asubuhi ile na ungo mkononi, lilikuwa limefanywa mara mbili na limeshindwa mara zote mbili. Ni jaa moja, na hakuna kati yetu aliyedanganya. Ila mahali pangu mimi palikuwa ni pa yule atakayebaki, awe nani. Angebaki dada yangu, angekuwa na kibanda cha mchele pengine, angekaa anawaambia akina mama wa Mtunda maneno yaleyale niliyowaambia mimi, na mimi nisingekuwepo kumkatiza.

Hapo nikakumbuka basi la kesho. Nilitazama simu, hakuna mtandao hata alama moja. Nikakimbilia boti, maji yalikwisha kutoka, boti imelala ubavu kwenye tope na mwenyewe amelala ndani yake, akaniambia bila kufungua macho kwamba mpaka maji yajae. Nikauliza watu wanapigia wapi simu. Wakanionyesha mwisho wa kisiwa, kuna mtumbwi umepinduliwa, ukisimama juu yake na kugeukia upande wa bara unaweza kubahatisha. Na mwili wangu huu nikaukwea mtumbwi ule, kanga nimeifunga kiunoni, mkono juu, wavuvi wawili wakinitazama wasicheke kwa adabu tu.

Simu ikaita. Binti akapokea, akasema ameshafunga begi. Nikamwambia asije. Akadhani nimemkasirikia, akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia hajakosa kitu, abaki na daktari wake, arudishe tiketi.

"Na jaa, mama? Si wewe upo?"

"Mimi nipo, mwanangu, lakini wawili waliokuwa kabla yangu waliokotwa kama mimi, kwa mikono ileile, na hawapo. Umeniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyebaki wa kuulizwa. Baba yako amesema kweli."

Nilimsikia analia. Nami nililia pale juu ya mtumbwi, sikujificha. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa: sasa yeye ashike nini? Maana nilikuwa nimempa kitu cha kushika, na sasa nakichukua. Sikuwa na kingine cha kumpa. Nilimwambia ashike simu, na akiona vimulimuli machoni asingoje kukuche wala asione aibu kumsumbua mtu. Mtandao ukakatika kabla sijamaliza dua.

Nilirudi Kibiti na maji ya jioni, bila mama yangu wa jaani. Alisema atakuja mtoto akishazaliwa, akizaliwa. Mwalimu alinipokea stendi, akanibebea kikapu, nikamweleza yote njiani. Nilingoja aseme "nilikwambia." Hakusema. Aliuliza kama wale watoto wawili walipewa majina. Nikasema sijui. Akasema kwamba miaka yote ile ya kuuliza darasani ambaye hayupo, hakuwahi kufikiria kwamba wasionyoosha mkono wana dada yao. Nilimshika mkono pale barabarani, jambo ambalo watu wa umri wetu hawalifanyi, na bodaboda wakatupigia honi.

Wiki haikuisha. Binti aliona vimulimuli asubuhi wakati anachambua mboga, akapiga simu palepale, mumewe akamfikisha hospitali, presha imepanda mpaka wauguzi wanakimbia. Wakampasua siku ileile. Mimi na Mwalimu tulikuwa ndani ya basi hatujui lolote, roho juu, nimeshika tasbihi nimesahau kuivuta. Tulipofika muuguzi alitoka akatuambia mama mzima, na mtoto wa kike, mdogo sana, lakini analia. Na kweli alikuwa analia. Nilimsikia nyuma ya mlango, sauti nyembamba yenye hasira, nikajua huyu ni wa kwangu.

Mwalimu aligeuka upande wa kibla, akaenda chini sijida palepale kwenye sakafu ya korido, kalamu ikamtoka mfukoni ikabingirika mpaka miguuni kwa watu. Alikaa chini muda mrefu. Alipoinuka uso wote umelowa. Sikuweza kujizuia.

"Lazima, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Nyamaza, bibie," akasema, akacheka huku analia.

Sitamfanya mjukuu wangu ushahidi wa kitu chochote. Nimejifunza. Daktari yule namwombea dua kila siku, na ningemshauri kila mwenye presha asicheze mbali na hospitali, lakini najua wapo waliolala vitanda vilevile, wakafanyiwa yaleyale, wakarudi nyumbani mikono mitupu, na hao hawaji kukaa kibandani kwangu kunisimulia. Akina mama wanaoletwa kunitazama bado wanakuja. Nawapa kiti na maji kama zamani, nawaambia mimi ni mmoja niliyebaki, nawahesabia na wale ambao hawakubaki, kisha nawauliza wanahudhuria kliniki wapi. Wengine wanaondoka wamenuna. Siwalaumu.

Niliogopa kwamba nikikubali hesabu za Mwalimu, shukrani yangu itaisha. Haikuisha. Zamani nilishukuru kama mtu aliyepitishwa mlango wa nyuma na watu wanaomjua mwenye nyumba. Sasa najua hapakuwa na mlango wa nyuma. Ningeweza kabisa kutokuwepo, kwa sababu zilezile zilizowafanya wenzangu wasiwepo, na hakuna aliyenidai wala niliyemdai uhai huu. Basi nikiamka nikasikia maji yanachemka na Mwalimu anakohoa uani, nasema Alhamdulillah, na sasa naisema na kwa ajili ya wale wawili, kwa kuwa wao hawakupata nafasi ya kushangaa.

Binti alikuja Kibiti baada ya arobaini, na mama yangu wa jaani akatimiza ahadi. Alifika juu ya bodaboda kutoka Nyamisati, kifurushi cha kamba wakavu kwapani, na mkeka mdogo aliousuka mwenyewe wa kumlaza mtoto. Alimpokea mjukuu wangu, akamnusa kichwani, akampima uzito kwa mkono kama anavyopima samaki, akasema si haba. Tukala, tukacheka. Binti yangu, ambaye sasa sauti yake ina mtu ndani, akamwambia kwa utani kwamba jaa lipo pale nyuma, limefagiliwa, kwa nini wasimtupe tu mtoto kidogo, kuifurahisha roho ya mama yake.

Mama yangu wa jaani akatikisa kichwa. Akasema mila hiyo yeye hataki kuifanya tena, na hata mara ya mwisho nyumbani kwetu haikufanyika sawasawa. Nikamuuliza mara ya mwisho ni ipi.

"Yako wewe," akasema. "Mama yako alininyamazisha, maana ungekufa angelaumiwa yeye. Sasa ameshatangulia, na wewe umekula chumvi yako ya kutosha, nadhani naweza kusema."

Mwalimu aliweka kikombe chini.

Alitueleza kwamba kwa wale wawili walionitangulia mama alisema maneno yote kama inavyotakiwa, kwa sauti, majirani wakasikia. Siku yangu mimi aliweka ungo juu ya majivu, akasimama, hasemi. Watu wanangoja. Bibi yangu akaona aibu, akapiga kelele yeye kutoka mlangoni, "Hatumtaki, mwenye kumtaka amwokote," na kila mtu akajua mambo yamekwenda vizuri. Mama yangu wa jaani akapita, akainama kuniokota. Mama alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa ameingiza mkono chini ya kanga, amenishika mguu.

"Akaniambia polepole, 'Huyu namtaka, dada. Nirudishie huyu.'"

Nilikuwa nafikiria jiko lisilokuwa na chungu, na mama anavyonyanyuka kila bibi alipofika kwenye neno lile. Mwalimu angeweza kuniambia kwamba neno lililosemwa na neno lisilosemwa, yote mawili hayathibitishi kitu, na angekuwa sahihi. Lakini hesabu hazikuwa akilini mwake. Alikuwa anapangusa miwani yake.

Nikamchukua mjukuu wangu kwenye mkeka wake. Nikatoka naye uwanja wa nyuma mchana kweupe, nikaenda mpaka ukingoni mwa jaa, nikamwinua juu, nikasema kwa sauti, majirani wote wasikie, "Huyu tunamtaka." Jirani akauliza ng'ambo ya ukuta kuna nini huko, mbona kelele. Nikayarudia maneno yaleyale, kwa sauti zaidi.